Pori lililoachwa na sotoka: dhana potofu kuhusu magonjwa ya kale

"Serengeti iko vile tangu dunia iumbwe."

Ndivyo waongoza watalii wanavyowaambia wageni, na sisi wenyewe tumeyazoea maneno hayo. Ukweli ni kwamba hadi karibu mwaka 1890 nyanda zile zilikuwa malisho. Wamaasai walichunga humo, na upande wa magharibi, kuelekea Ziwa Victoria, kulikuwa na vijiji vya wakulima na wafugaji. Kilichowapunguza na kuwatawanya zaidi ni ugonjwa ambao haumpati binadamu kabisa: sotoka.

Sotoka ni ugonjwa wa virusi wa ng'ombe, na virusi vyake ni ndugu wa virusi vya surua. Mnyama anapata homa, anatokwa machozi na makamasi, mdomo unajaa vidonda, kisha anahara mpaka anaishiwa maji. Hufa upesi; wiki mbili ni nyingi. Uliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, na kwa kawaida chanzo kinatajwa kuwa ng'ombe walioteremshwa na Waitalia katika bandari ya Massawa. Ethiopia ikapoteza ng'ombe wa kulimia, ikaingia katika njaa iliyodumu kuanzia 1888 hadi 1892. Kufikia 1891 sotoka ilikuwa imeenea Umasaini, na 1896 ikavuka Mto Zambezi kwenda kusini. Mahali pengi, katika kila ng'ombe 10 hakubaki hata wawili. Nyati, pofu, twiga na tandala nao walikufa.

Wamaasai wanaziita nyakati zile emutai, yaani kumalizika. Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria aliyepita Ngorongoro mwaka 1892, alikuta wanawake waliobaki mifupa mitupu na morani wasioweza hata kutambaa vizuri. Wasiofuga huuliza kwa nini hawakula tu nyama ya wale ng'ombe waliokufa. Waliila, ilipokuwapo. Lakini nyama ya mzoga ni ya siku chache, na maziwa ndiyo yaliyolea watoto mwaka mzima. Tena ng'ombe ndiye mahari, ndiye fidia ya damu, ndiye anayebadilishwa kwa nafaka ya jirani mkulima. Aliyebaki bila hata mmoja alibaki bila njia ya kuoa, ya kupatana wala ya kununua chakula. Juu ya njaa hiyo ikaja ndui.

"Wazungu walikuta ardhi tupu, haina mwenyewe."

Hii inaniudhi kuliko zote, kwa sababu nusu yake ni kweli. Sehemu nyingine zilikuwa tupu kweli siku ile walowezi walipofika. Wasichouliza wengi ni kwamba zilikuwa tupu tangu lini.

Chukua Kiambu. Kati ya 1898 na 1900, nchi ya Wakikuyu ilipigwa na ukame, njaa na ndui kwa pamoja. Wengi walikufa, na waliobakiwa na nguvu walirudi kwa jamaa zao Murang'a na Nyeri, wakiacha mashamba yao Kabete na kwingineko kusini. Ni jambo la kawaida: njaa ikikushika unakwenda kwa ndugu, mvua ikinyesha unarudi. Kuanzia 1902 hivi walowezi wakaanza kugawiwa ardhi ileile, na wenyewe waliporudi wakaambiwa wao ni maskwota, yaani wakaaji wasio na haki juu ya ardhi hiyo. Umasaini nako, mkataba wa 1904 uliwaondoa watu Naivasha na Nakuru, ukawapeleka Laikipia na kusini. Waliotia saini walikuwa wametoka katika miaka kama kumi na mitatu ya sotoka, ndui na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Na mwaka 1911 ukaja mkataba wa pili wa kuwaondoa Laikipia pia.

"Wanyamapori ndio wanaowaambukiza ng'ombe."

Kuna ugonjwa ambao wafugaji wako sahihi kuuogopa: ule ambao ng'ombe huupata wakichungwa pale nyumbu walipozalia. Kwa sotoka mambo yalikuwa kinyume. Ng'ombe ndio waliokuwa wakiwaambukiza nyumbu, na ndama wa nyumbu walikuwa wakifa kila mwaka.

Tunalijua hilo kwa sababu ya chanjo. Daktari wa mifugo Walter Plowright na wenzake waliitengeneza Muguga, nje kidogo ya Nairobi, mwishoni mwa miaka ya 1950. Ng'ombe walioizunguka Serengeti walipochanjwa, hakuna aliyewagusa nyumbu, lakini ugonjwa ulitoweka kwao pia mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1961 walikadiriwa kuwa 250,000 hivi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamepita 1,300,000. Kwa hiyo lile kundi kubwa linalovuka Mto Mara, ambalo watu wanapanda ndege kuja kulipiga picha, kwa ukubwa wake lina umri mdogo kuliko wazee wengi wa kijijini kwenu, na limekua kwa sababu ng'ombe wa watu walichomwa sindano.

"Malale ni uvivu", au "malale yamekuwapo hivyohivyo siku zote."

Malale ni ugonjwa wa vimelea vinavyoletwa na mbung'o, inzi anayeng'ata. Usingizi wa mchana huja mwishoni, vimelea vikishaingia kwenye ubongo, na bila dawa mgonjwa hufa. Kuhusu siku zote: vimelea na mbung'o ni wa zamani, ila watu walikuwa na namna ya kuishi mbali nao. Mifugo ilikula majani, wachungaji walichoma nyasi, wakulima walifyeka, na mbung'o, anayependa kivuli cha vichaka, akabaki pembeni. Sotoka ilipoondoa mifugo na njaa ikaondoa watu, vichaka vilifunga. Wanyamapori waliongezeka haraka kuliko mifugo, mbung'o akawafuata, na mfugaji aliyetaka kurudi akakuta njia imezibwa na inzi.

Kando ya Ziwa Victoria upande wa Uganda mlipuko ulikuwa wa kutisha. Kati ya 1900 na 1920 watu wapatao 250,000 walikufa, hasa Busoga, Buganda na visiwa vya Ssese. Gavana Hesketh Bell aliamuru watu wahamishwe kutoka ufukweni. Amri hiyo iliokoa maisha ya wengi, na ikaacha pori pale palipokuwa na migomba na mitumbwi.

"Funza ni wetu tangu enzi za mababu."

Hapana, funza huyu anayeingia miguuni ni mgeni kutoka Brazil. Alishuka Angola mwaka 1872 kwa meli, akavuka bara zima katika nyayo za wapagazi wa misafara, na kabla karne haijaisha alikuwa ameufikia upwa wetu.

"Sotoka ilitokomezwa? Mbona mbuzi wangu walikufa kwa sotoka?"

Swali zuri, na kosa hapa ni la jina. Sotoka ya ng'ombe ilionekana mara ya mwisho mwaka 2001, kwa nyati wa hifadhi ya Meru nchini Kenya, na mwaka 2011 dunia ikatangaziwa kuwa imekwisha. Ni ugonjwa wa pili kutokomezwa baada ya ndui. Inayoua mbuzi ni sotoka ya mbuzi na kondoo, yenye virusi vya jamii hiyohiyo lakini si vilevile. Kenya iliisikia mwaka 2006, Tanzania ikaithibitisha 2008 upande wa Ngorongoro. Chanjo yake ipo, na dozi moja humkinga mbuzi kwa miaka isiyopungua mitatu. Ukiona mbuzi ana makamasi mazito, vidonda mdomoni na anahara, mtenge na wenzake, halafu mwite afisa mifugo kabla hujampeleka yeyote mnadani.