Kapasita ya maikrowevu na umeme unaobaki baada ya plagi kuchomolewa

Kapasita ni kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme kwa muda, nacho huundwa kwa tabaka mbili nyembamba za metali zilizotenganishwa na kitu kisichopitisha umeme. Feni na pampu za maji zinazo pia, lakini ile ya maikrowevu inastahili kuelezwa peke yake, kwa sababu inaweza kumuua fundi aliyekwisha kuchomoa plagi na kuamini kwamba chombo hakina umeme tena.

Maikrowevu hupasha chakula kwa mawimbi ya takriban gigahezi 2.45 yanayozalishwa na magnetroni, nayo magnetroni haiwezi kufanya kazi kwa volti 230 au 240 za ukutani. Transfoma huzipandisha kwanza hadi takriban 2,000. Kisha kapasita hushirikiana na dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu: katika nusu moja ya kila mzunguko wa umeme kapasita hujazwa, na katika nusu inayofuata volti zake hujumlishwa na zile za transfoma, hata magnetroni ikafikiwa na karibu volti 4,000. Kwa macho, kapasita hiyo ni kopo bapa la metali lenye ncha mbili, na ubavuni mwake huandikwa uwezo wa karibu maikrofaradi 1 na volti zipatazo 2,100.

Chombo kikizimwa, chaji hiyo haiondoki papo hapo. Kapasita nyingi zina rezista ndani yake, yaani kifaa kinachozuia mkondo kupita kwa wingi, aghalabu ya omu milioni 10, ambayo huimwaga chaji kwa muda wa dakika moja hivi. Shida ni kwamba rezista hiyo inaweza kukatika bila kuonyesha dalili yoyote kwa nje, na hapo kusubiri pekee hakuthibitishi chochote.

Chombo kikiwa kimewashwa hatari ni kubwa zaidi, maana transfoma huendelea kusukuma mkondo bila kukoma. Hata swichi ya kinga ya nyumbani, ile inayokata umeme unapovuja kwenda ardhini, haiokoi: mkondo unaopita mwilini mwa mtu hurudi kwenye transfoma kupitia bodi ya chombo, yaani ganda lake la metali, na swichi hiyo haiuoni. Kwa hiyo sioni sababu yoyote ya fundi kupima volti hizo chombo kikiwa kinafanya kazi, na multimita ya kawaida, kifaa cha kupimia umeme, haikutengenezwa kuzihimili.

Njia ya uangalifu ni kuchomoa plagi na kuiweka mahali inapoonekana, kusubiri dakika kadhaa, kuvua pete na saa, kisha kufanya kazi kwa mkono mmoja. Waya wenye rezista ya takriban omu 10,000 inayohimili volti nyingi hufungwa kwanza kwenye bodi ya metali, na ncha yake ya pili, ikishikwa kwa kifaa chenye mpini usiopitisha umeme, huguswa kwenye kila ncha ya kapasita kwa sekunde kadhaa. Baada ya hapo ncha mbili za kapasita huunganishwa zenyewe kwa rezista hiyo hiyo, na mwisho kwa bisibisi yenye mpini mzuri ili kuhakikisha. Mafundi wengi huanza moja kwa moja na bisibisi; chaji humwagika kweli, lakini cheche yake huunguza ncha na huweza kuharibu kapasita.

Taa ikiwaka na sahani ikazunguka lakini chakula kikabaki baridi, huku muungurumo ukiwa mzito kuliko kawaida, huenda kapasita, dayodi au magnetroni imepiga shoti. Kapasita ikishamwagwa chaji na waya zake kutolewa, multimita isionyeshe njia yoyote kati ya ncha na kopo, na kati ya ncha mbili isome omu milioni kadhaa, au isisome kitu kama rezista haimo. Dayodi ya volti kubwa ni jambo jingine: multimita nyingi huiona kama imekatika hata ikiwa nzima.

Si kila kasoro inayodai kufungua bodi. Cheche zinazoruka ndani wakati wa kupika mara nyingi hutokana na kipande cha maika, bamba jembamba lililo kwenye ukuta wa ndani, kilichoungua kwa mafuta ya chakula, nacho ni cha bei nafuu. Fyuzi inayoungua mlango unapofunguliwa au kufungwa huelekeza kwenye swichi za mlango, ambazo kamwe hazifai kuunganishwa moja kwa moja, kwa sababu ndizo zinazozuia mawimbi kutoka mlango ukiwa wazi.

Kapasita mpya iwe na maikrofaradi zile zile na volti zisizopungua za ile ya zamani. Ya feni au pampu, yenye volti 450, haifai hata kwa majaribio. Huweza kupasuka mara tu chombo kinapowashwa.