Namba kubwa kwenye boksi la TV haifanyi gemu liwe jepesi

Kwenye vibanda vya gemu vya Majengo na Chang'ombe, Dodoma, imani ni ileile miaka yote: TV yenye "Motion 200" haichelewi. Si kweli. Mara nyingi kioo chenyewe ni cha hezi 50 au 60 (yaani picha 50 au 60 kwa sekunde), na ile 200 ni jina la ufundi wa kulainisha mwendo. TV inabuni picha za katikati, na ili izibuni lazima ikae na picha inayofuata kwanza. Hapo ndipo unabonyeza shuti na mchezaji anapiga mpira wakati beki ameshafika.

Kinachoamua ni muda kati ya kubonyeza pedi na kuona tendo. Kwenye hezi 60 picha moja hukaa milisekunde 16.7, TV ikichelewesha milisekunde 100, umeachwa picha sita nyuma.

Dawa ya kwanza ni bure: chagua Game kwenye mipangilio ya picha, kwenye tundu lile la HDMI ulilochomeka mashine ya gemu, maana TV nyingi huhifadhi mipangilio ya kila tundu peke yake.

Dukani, omba kuchomeka mashine yako. Rekodi kidole na kioo pamoja kwa simu ya picha 240 kwa sekunde. Kila picha ni kama milisekunde 4. Hesabu picha tangu kidole kibonyeze hadi tendo lionekane, kisha linganisha TV mbili kwa gemu lilelile.

Hezi 120 halisi inamfaa mwenye PS5. Kwa PS4, inayoishia 60, huko ni kupoteza hela.