“Sista, nimepona, mbona niendelee na dawa?”

Swali hili silikosi kliniki kwa wagonjwa wa baipola, ugonjwa wa akili unaompandisha mtu na kumshusha, na mwenye kuliuliza huwa ameshajijibu nyumbani. Haji kuomba ushauri, anakuja kunipa habari kwamba ameziacha tangu mwezi jana. Nimelijibu kwa upole mpaka upole wenyewe umeniisha.

Ukweli ni kwamba kinachokufanya usiumwe ni kuzimeza. Baipola huja kwa vipindi, na baina ya kipindi na kipindi mtu anaweza kuwa mzima kabisa: anaendesha tuktuk yake, analipa kodi, anatania watu barazani. Mwenye presha haambiwi atupe vidonge eti kipimo cha leo kimetoka vizuri. Mbona wewe?

Na lithiamu, mojawapo ya dawa za baipola, haikatwi ghafla. Tangu daktari John Cade aitumie kwa wagonjwa wa mania, yaani kule kupanda kupita kiasi, huko Australia mwaka 1949, dawa hii imejulikana vya kutosha: ukiiacha kwa mkupuo, mania hurudi, mara nyingi ndani ya miezi michache. Ikibidi kuacha, dozi hupunguzwa polepole kwa wiki nne au zaidi, ikiwezekana hadi miezi mitatu, na daktari akijua.

Hebu niwape picha ninayoijua mno. Mama anaingia ameshika bahasha ya khaki ya famasi, juu yake kumeandikwa kwa kalamu “1 asubuhi, 2 usiku”. Ndani vidonge vimejaa pomoni. Mwanawe yuko Kisauni, tuktuk ameshaiuza kwa bei ya kutupa, ana mipango ya biashara tatu na usingizi hana. Ukimuuliza baadaye kwa nini aliacha, atasema mikono ilimtetemeka na kiu haikumwisha. Basi si ungesema! Kiu, kukojoa sana na kunenepa ni mambo ya kweli, wala sisi hatuyakani. Dozi hurekebishwa, dawa hubadilishwa. Ila tuambieni kabla ya kuzificha kabatini.

Kwa walio kwenye lithiamu, damu ipimwe. Kwa wengi kiwango cha lithiamu kinatakiwa kiwe kati ya 0.6 na 0.8 (milimoli kwa lita), na ikipita 1.5 ni sumu. Mafigo na tezi ya shingo navyo hukaguliwa kila miezi sita. Joto letu la Mombasa halisaidii: ukitoka jasho jingi, ukiharisha au ukipunguza chumvi ghafla, lithiamu hupanda mwilini. Hupanda pia ukinunua diklofenaki au Brufen ya mgongo bila kumwambia mwenye famasi unatumia nini. Ukianza kutapika, kutetemeka kupita kawaida na kuyumba kama mlevi, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na Ramadhani ikikaribia, njoo tupange dozi kabla hujaanza kufunga.

Sasa wimbo wangu ambao wagonjwa wamechoka nao: usingizi. Andika kwenye daftari ulilala lini na uliamka lini, basi. Ukilala kwa masaa matatu usiku mmoja, na wa pili vilevile, halafu asubuhi ukajiona una nguvu za watu kumi, usishangilie. Tupigie simu. Harusini nenda, kula pilau, lakini saa nne usiku uwe kitandani kwako. Mashangazi watanuna, waache wanune.

Mengine ninayoambiwa nayapitia haraka.

“Ni jini.” Kusomewa sikatazi, kisomo na dawa havigombani. Ninayegombana naye ni mganga anayeamuru dawa zitupwe na mgonjwa afungwe kamba.

“Asubuhi nacheka, jioni nalia, nina baipola.” Huenda umechoka tu. Mania kamili huchukua wiki nzima au zaidi, sonona, yaani kule kushuka, wiki mbili na kuendelea.

“Muguka hunituliza.” Majani hayo ya kutafuna hayakutulizi hata kidogo. Yanachangamsha, yanakula usingizi, na yanaweza kuwasha mania.

“Nipeni dawa ya sonona tu.” Kwa mwenye baipola, ikitumiwa peke yake inaweza kumrusha juu, kwenye mania. Daktari mpya umwambie kama umewahi kupanda, hata kama wakati ule ulikuona raha.

“Mwanamke mwenye baipola hazai.” Anazaa na kulea. Ila valproeti, dawa nyingine ya baipola, humdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo njoo tuibadilishe kabla hujashika mimba. Na ukigundua tayari umeshika, usizikate mwenyewe kwa hofu, njoo kesho yake asubuhi.