Chupa ya Mahindi Haitaozea Dandora

Wenye viwanda vidogo vya maji, mameneja wa hoteli na waandaaji wa mikutano hapa Nairobi wanaulizia kitu kimoja siku hizi: chupa inayooza. Wameonyeshwa sampuli yenye jani la kijani kwenye lebo, wakaambiwa imetokana na mahindi, nao wanaamini kwamba ikitupwa itageuka udongo kama ganda la ndizi. Haitageuka. Imani hii inawatoa pesa na inaharibu kazi ya watu wanaookota na kuchakata plastiki jijini, kwa hivyo nitakaa nayo kidogo.

Chupa hiyo kwa kawaida ni PLA, plastiki inayotengenezwa kwa wanga wa mahindi au sukari ya miwa. Cheti chake hutaja kiwango cha Ulaya cha EN 13432, na hapo ndipo wengi huacha kusoma. Kiwango hicho ni cha mitambo ya mboji yenye joto la nyuzijoto 58 hivi, ambamo unyevu na hewa vinadhibitiwa. Baada ya wiki 12 kisichopita kwenye chekeche la milimita 2 hakitakiwi kuzidi asilimia 10 ya uzito wa mwanzo. Nani anapima hayo kwenye jaa la taka la Dandora? Chupa iliyofukiwa chini ya taka nyingine, au iliyokwama kwenye mtaro unaomwaga Mto Nairobi, haipati joto hilo wala uangalizi huo. Itakaa miaka, sawa na plastiki nyingine yoyote.

Cheti chenyewe hutolewa kwa unene maalumu. Sehemu nene ya chupa ni shingo, si tumbo, kwa hivyo cheti cha mfuko mwembamba wa malighafi ileile hakiihusu shingo ya chupa yako. Kizibo, lebo na gundi navyo lazima viwe vimepimwa. Na ukiona alama ya "OK compost INDUSTRIAL", hiyo ni ya mtambo. Inayohusu lundo la mboji la nyuma ya nyumba, lenye nyuzijoto 20 hadi 30, ni "OK compost HOME". Muuzaji asiyeweza kukuonyesha haya yote kwa maandishi anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Hasara ya pili inaniudhi zaidi. Kwa macho, PLA na PET, plastiki ya kawaida ya chupa za maji, hazitofautiani, na kwenye yadi zetu za kuchakata chupa huchambuliwa kwa mkono. Zikishakatwa vipande na kuoshwa, hutiwa kwenye tangi la maji: vipande vya vizibo huelea, vya PET huzama. Msongamano wa PET ni takriban gramu 1.38 kwa kila sentimita ya ujazo, wa PLA 1.24. Zote mbili ni nzito kuliko maji, basi PLA inazama pamoja na PET na tangi halisaidii kitu. Kabla ya kuyeyushwa, PET hukaushwa kwa saa kadhaa kwenye nyuzijoto 160 hivi. PLA huanza kulainika kwenye 60. Vipande vyake vinanata, vinafanya mabonge na kuziba mashine, na vinavyopenya huharibika kwenye joto la kuyeyushia PET, ambalo hupita 260. Plastiki inatoka na umanjano na ukungu, mnunuzi anashusha bei au anarudisha mzigo, na anayeumia ni yule aliyelipwa kwa kilo.

Hata maji yenyewe hayafaidiki. PLA hupitisha mvuke kuliko PET. Chupa ikikaa ghalani miezi mingi maji hupungua na ubavu hubonyea.

Wengine huniletea hoja nyingine. "Basi tuweke kiongezi kinachoifanya plastiki ya kawaida ioze." Viongezi vya aina ya okso huivunja plastiki iwe vipande vidogo visivyookoteka tena. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku bidhaa za namna hiyo kuanzia Julai 2021. Achana navyo.

"Ina pembetatu ya mishale, kwa hivyo imetokana na plastiki iliyorejelezwa." Namba iliyo ndani yake inataja aina ya plastiki tu, na ndiyo kazi yake tangu 1988. Iwapo kuna plastiki iliyorejelezwa, mtengenezaji aandike ni asilimia ngapi.

"Imeandikwa rafiki wa mazingira." Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kiwango cha ISO 14021 kinakataza madai ya jumla kama hayo, na nembo ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, haithibitishi ukijani wa chupa.

"Kioo ni bora siku zote." Ni bora kikirudi, kama chupa za soda zinavyorudi kwenye kreti. Chupa ya nusu lita ya kioo hupita gramu 200, ya PET huwa gramu 10 hadi 20. Kutengeneza, kusafirisha na kutupa uzito huo mara moja ni hasara tupu.

Ukiniuliza utumie nini, jibu langu ni lilelile: PET angavu inayopitisha mwanga, bila rangi kabisa, maana chupa ya rangi hupata bei ya chini yadini. Kizibo kiwe cha plastiki ya HDPE. Lebo iwe ya plastiki ya PP, ishikwe kwa mstari mwembamba wa gundi inayoachia kwenye maji ya moto yenye magadi makali. Usivalishe chupa lebo ya plastiki ya PVC iliyobanwa kwa joto: huzama pamoja na PET na hutoa asidi ikiyeyushwa.

Kwa ofisi na hoteli, chukua mtungi wa lita 18.9. Kila ukijazwa unaokoa karibu chupa 38 za nusu lita. Uweke mbali na jua, maana mwanga huotesha ukijani wa mwani ndani. Ukipokea mtungi, ugeuze uangalie kitako na shingo: wenye ufa, au wenye mikwaruzo mirefu ndani, urudishe palepale mlangoni kabla ya kutia sahihi.