Amiba kwenye konea: maumivu yanayozidi kinachoonekana

Mgonjwa akiniambia jicho linamnyima usingizi kwa maumivu, nami nikilimulika nikakuta wekundu na ukungu hafifu tu kwenye konea, yaani kioo angavu cha mbele ya jicho, namuuliza kwanza kama anavaa lenzi za kugusa jicho. Akikubali, nauliza kama huoga au kuogelea nazo, na kama huzisuuza kwa maji ya bomba.

Ninayemshuku ni akanthamiba, kimelea wa seli moja anayeishi kwenye maji, udongo, hata vumbi. Wengi wetu tumeshakutana naye bila kudhurika. Balaa huanza anaposafiri na lenzi hadi kwenye konea yenye mchubuko, hata ule usioonekana kwa macho. Hapo hula seli na kuifuata mishipa ya fahamu, na konea imejaa mishipa hiyo; ndiyo maana maumivu hutangulia dalili nyingine. Mambo yakimwia magumu, hujifungia ndani ya ganda lenye kuta mbili. Klorini ya maji ya bomba haimtoi humo, na dawa nyingi hazimfikii.

Mwanzoni ugonjwa huu hufanana mno na herpesi ya jicho, kwa hiyo wengi hufika kwangu wakiwa wameshatumia dawa za virusi bila nafuu. Hao wana afadhali. Ninaowahofia ni waliopewa matone ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe: wekundu hupungua, mgonjwa anashukuru, huku amiba akizidi kuzama.

Kuthibitisha, tunaikwangua konea juu juu baada ya kuitia ganzi. Sampuli huoteshwa kwenye agari, jeli ya kuoteshea vijidudu, isiyo na lishe na iliyopakwa bakteria. Amiba akiwepo, huwala bakteria hao na kuacha vijia unavyoviona kwa hadubini. Kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya amiba, hutoa jibu mapema zaidi.

Matibabu ni ya kuchosha, sifichi. Matone ya klorheksidini au polihekzanidi ya asilimia 0.02 hutiwa kila saa, mchana na usiku, kwa siku mbili za mwanzo, kisha hupunguzwa taratibu kwa miezi kadhaa. Ukiacha kwa sababu jicho limetulia, walio ndani ya maganda huamka.

Tukichelewa, konea hufanya pete nyeupe, dalili ninayochukia kuiona. Kinachofuata huweza kuwa kovu linaloziba uoni, konea kutoboka, uvimbe wa sklera (ile sehemu nyeupe ya jicho), presha ya jicho au mtoto wa jicho. Kupandikiza konea kunawezekana, ila napenda kusubiri hadi maambukizi yaishe kabisa, maana amiba aliyebaki pembeni huivamia konea mpya.

Jicho likianza kuuma hivyo, vua lenzi siku hiyo hiyo, lakini usizitupe. Njoo nazo kliniki pamoja na kikasha chake na dawa yake ya kusafishia, bila kukiosha. Mara nyingine konea haitoi jibu, kikasha kinalitoa.