Nyumba ya Habitat: kinachoangusha wengi ni madeni

Swali naloulizwa kila wiki ni hili: "Mimi sina kitu kabisa, si ndo watanipa haraka?" Na kila mara inabidi nivute kiti nikae na huyo mtu vizuri, maana jibu ni hapana na likitolewa kwa haraka linaumiza. Kazi yangu ni ushauri wa makazi, nasoma mafaili ya watu wanaoomba kumiliki nyumba kupitia mashirika ya hisani kama Habitat for Humanity, nawaandaa kabla faili halijafika mezani kwa kamati inayopitisha maombi. Nimeona mengi yakipita na mengi yakirudi, na yanayorudi mara nyingi sio ya watu wenye kipato kidogo zaidi, ni ya watu wenye madeni.

Kwanza tuelewane kitu kimoja, nyumba haitolewi bure. Unauziwa. Unauziwa kwa mkopo nafuu, bila shirika kuweka faida, na unalipa kila mwezi kwa miaka mingi kama mtu yeyote mwenye mkopo wa nyumba. Wazo hili lina historia ambayo msomaji wa Kiswahili anaweza asiitarajie: mume na mke, Millard na Linda Fuller, walilianza kwenye shamba la jumuiya ya Kikristo la Koinonia kule Georgia, Marekani, wakiwa na Clarence Jordan, mmoja wa waanzilishi wa shamba hilo, halafu 1973 wakahamia Mbandaka, Zaire ya wakati ule, wakakaa kama miaka mitatu wakijenga kwa mtindo huohuo, na waliporudi 1976 ndo wakaanzisha Habitat yenyewe. Mtindo ulikuwa hivi, unajenga nyumba ya kawaida, unamuuzia anayehitaji bila faida na bila riba, na pesa anayorudisha kidogo kidogo inaingia kwenye mfuko wa kumjengea mwingine. Siku hizi baadhi ya matawi hutumia mikopo yenye riba ndogo badala ya sifuri, lakini roho ni ileile. Sasa ukishajua pesa yako ya kila mwezi inajenga nyumba ya familia iliyoko nyuma yako kwenye foleni, utaelewa kwa nini kamati inakomaa sana na swali la uwezo wa kulipa.

Vigezo vikubwa ni vitatu: uhitaji, uwezo wa kulipa, na utayari wa kushirikiana. Nitavipitia lakini sio kwa uzito sawa, kwa sababu havisumbui watu kwa usawa.

Uhitaji wengi wanao na unaonekana. Nyumba inavuja, watoto wanne chumba kimoja, kodi inakula nusu ya mshahara, nyumba haifai kwa mtu mwenye ulemavu. Kinachowachanganya watu ni kwamba kuna dari na kuna sakafu ya kipato, yaani kiwango cha juu usichotakiwa kuvuka na cha chini usichotakiwa kushuka. Kwa Marekani dari la kawaida ni asilimia 80 ya kipato cha kati cha eneo husika, yaani ukipanga familia zote kwa mstari kuanzia ya chini mpaka ya juu, ile inayoangukia katikati ndo kipimo. Wizara ya nyumba ya huko, HUD, hutoa jedwali kila mwaka kwa kila eneo na kwa ukubwa wa kaya, kwa hiyo familia ya watu sita dari lake liko juu kuliko la watu wawili. Sakafu kila tawi lina yake, mengi huanzia kwenye asilimia 30 hivi. Angalia jedwali la eneo lako mwenyewe, usitumie la rafiki anayeishi kaunti nyingine. Na kipato kinachohesabiwa ni cha kaya nzima, mtoto wako mkubwa anayefanya kazi na kulala hapo nyumbani naye huwa anahesabiwa.

Uwezo wa kulipa ndo penye kazi, hapa naomba tutulie. Mashirika haya yanajitahidi malipo ya nyumba yasizidi asilimia 30 ya kipato chako kabla ya makato, na kwenye malipo hayo wanaweka mkopo wenyewe, kodi ya jengo na bima. Halafu wanajumlisha na madeni yako mengine ya kila mwezi wanaona jumla inafika wapi, matawi mengi ya Marekani hayapendi ivuke asilimia 43 hivi, mengine yako chini ya hapo. Chukua mfano, kipato cha kaya 3,000 kwa mwezi, weka sarafu yoyote unayotaka. Asilimia 30 ni 900, hiyo ni ya nyumba. Sasa kila mwezi unalipa mkopo wa gari 450, mkopo wa vyombo vya ndani 150, na kima cha chini cha kadi za mkopo 80, jumla 680. Ukiweka na ile 900 unapata 1,580, ambayo ni karibu asilimia 53. Faili limeanguka, na hapo hujakosea kitu, hujachelewesha hata malipo moja. Toa deni la gari peke yake, inabaki 1,130, yaani kama asilimia 38, faili limepita. Kipato ni kilekile! Ndo maana mtu akija kwangu siangalii mshahara kwanza, nauliza gari limebakiza miezi mingapi. Kuna mama mmoja nilimwambia asubiri miezi tisa amalize gari ndo aombe, alilia pale ofisini nami niliumia naye, lakini alisubiri, akaomba, akapita.

Rekodi ya mikopo nayo ichukue kabla hawajaichukua wao. Kwa Marekani kuna kampuni kubwa tatu zinazotunza rekodi hizi, Equifax, Experian na TransUnion, na ripoti zote tatu unazipata bure kupitia AnnualCreditReport.com, hupaswi kumlipa mtu akutolee. Isome mstari kwa mstari. Mara nyingi nakuta bili ya hospitali ya zamani iliyouzwa kwa wakusanya madeni na mwenyewe hajui, au deni la mtu mwenye jina linalofanana, na haya yanapingwa kwa maandishi na yanaweza kuondolewa. Matawi mengi huangalia zaidi tabia ya miaka ya karibuni na madeni yaliyofikishwa mahakamani kuliko alama ya mikopo, ile namba moja inayofupisha rekodi yako, kwa hiyo usikate tamaa kwa sababu alama iko chini, na kama rekodi huna kabisa, uliza kama risiti za kodi ya nyumba na bili za umeme zinakubalika.

Kitu kingine, msifiche kipato. Watu wanaficha msaada wa serikali wakidhani utawaharibia, kumbe huo nao ni kipato kama ni wa kudumu, na sheria ya Marekani ya 1974 kuhusu usawa katika mikopo inakataza mkopeshaji kukubagua kwa sababu kipato chako kinatokana na msaada wa umma. Wanaojiajiri ndo naomba muwe makini zaidi, kwa kawaida ritani za kodi za miaka miwili zinahitajika, na kama uliandika biashara haikuingiza kitu ili kodi iwe ndogo basi mbele ya kamati huna kipato, hakuna namna nitakusaidia hapo.

Utayari wa kushirikiana ni jasho. Unafanya masaa mia kadhaa, kuna matawi yanadai 250, mengine 400 na zaidi, kwenye nyumba yako na za wenzako, na madarasa ya bajeti na ya kutunza nyumba mara nyingi yanahesabiwa humo. Huhitaji kuwa fundi. Mwenye ulemavu au mgonjwa hupewa kazi ya ofisini au nyingine anayoiweza, na ndugu na marafiki wanaruhusiwa kukuchangia sehemu ya masaa. Wanachopima hapa ni kama unatokea siku uliyosema utatokea. Pia unakubali kuishi humo mwenyewe, sio kupangisha, na ukitaka kuuza matawi mengi yana haki ya kuinunua wao kwanza, soma hicho kipengele kabla ya kusaini na uulize mpaka uelewe.

Wakikukataa, mkopeshaji wa Marekani anatakiwa akujulishe ndani ya siku 30 tangu maombi yako yakamilike, na una haki ya kujua sababu. Barua hiyo tunza. Ndo kitu cha kwanza nakiomba mtu akirudi, kwa sababu inaniambia tuanzie wapi, na wengi niliowaona wakipata nyumba walikuwa na barua kama hiyo kwenye bahasha.

Na ukikubaliwa bado kuna kipindi kirefu, ujenzi na masaa yako vinaweza kuchukua mwaka au zaidi, na kabla ya kusaini mkopo wanakagua tena kipato na madeni upya. Nilikuwa na familia iliyomaliza masaa yote, kuta zimesimama, rangi wamechagua wenyewe, wakaingia dukani wakachukua makochi, friji na kitanda vyote kwa mkopo ili siku ya kuhamia vitu viwepo. Usainishaji ukasimama. Tulikaa nao tukapiga hesabu, vitu ambavyo havijafunguliwa vikarudishwa dukani, ikachukua wiki saba rekodi kusomeka sawa, na wakahamia na magodoro yao ya zamani chini kwenye sakafu mpya.