Chakula Rafiki kwa Figo si Jina Jingine la Chakula Kisicho na Mafuta

Maelezo ya mapishi ya kikaango cha hewa siku hizi hayakosi dai moja, kwamba chakula kikiiva bila kuzamishwa katika mafuta, basi kimekuwa rafiki kwa figo. Dai hilo limerudiwa mara nyingi mno, hata wanaowapikia wagonjwa nyumbani wamelifanya kanuni: ilmradi viazi au kuku vimetoka katika mashine hiyo, mgonjwa huandaliwa sahani bila swali jingine.

Kwa kifupi, chakula rafiki kwa figo ni kile ambacho sodiamu, potasiamu, fosforasi, protini na maji yaliyomo yanalingana na uwezo uliobaki wa figo za mlaji. Kikaango cha hewa, ambacho kampuni ya Philips ilikiingiza sokoni mwaka 2010 na kikaenea kwa kasi, ni oveni ndogo yenye feni inayozungusha hewa ya moto, kwa kawaida hadi nyuzi 200 za Selsiasi, mpaka chakula kikauke juu na kubadilika rangi. Maelezo ya kwanza yanahusu kilichomo ndani ya chakula, na ya pili yanahusu namna joto linavyokifikia.

Kinachoudhi zaidi ni cheo walichopewa mafuta katika hoja hii. Kuondoa mafuta ya chakula mwilini si kazi ya figo, na mafuta ya kupikia hayana sodiamu, potasiamu wala fosforasi ya kuhesabika. Mgonjwa aliyepunguziwa protini anaweza hata kushauriwa aongeze kijiko cha mafuta ya mimea ili apate nguvu za kutosha, kwa sababu mwili usiopata nguvu za kutosha huanza kuvunja misuli yake na kuzalisha taka zilezile ambazo figo zimeshindwa kuzitoa. Ni kweli kwamba magonjwa ya moyo na mishipa huwaandama sana wagonjwa wa figo, na kwa sababu hiyo kupunguza vyakula vya kukaangwa katika mafuta mengi kuna faida ambayo haifai kubezwa. Lakini hiyo ni faida ya moyo na ya uzito, na ingefaa itajwe hivyo.

Potasiamu ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi jinsi mashine hii isivyoweza kufanya kazi inayosifiwa kwayo. Madini haya yameyeyuka katika maji yaliyomo ndani ya chembe za mmea, na hayageuki mvuke kwa joto la jikoni. Yanachohitaji ili yatoke ni maji ya kuyabeba, na kikaango cha hewa hakina maji. Gramu 100 za viazi vibichi huwa na takribani miligramu 400 za potasiamu. Vikikaushwa kwa hewa ya moto hupoteza maji na uzito, huku potasiamu ikibaki palepale, kwa hiyo gramu 100 za viazi vilivyotoka kikaangoni huwa na potasiamu nyingi kuliko gramu 100 za viazi hivyohivyo vikiwa vibichi. Mpishi anayepima chakula cha mgonjwa baada ya kukipika, akitumia hesabu za viazi vibichi, anampa zaidi ya anavyodhani.

Mbinu inayopunguza potasiamu ni ile ya zamani: viazi vimenywe, vikatwe vipande vidogo, vichemshwe katika maji mengi, kisha maji hayo yamwagwe, wala yasigeuzwe kuwa mchuzi. Vipande vidogo vikichemshwa hivyo huweza kupoteza takribani nusu ya potasiamu yake, ilhali kuviloweka tu katika maji baridi usiku kucha, jambo ambalo wengi huliamini, huondoa kidogo sana. Baada ya kuchemshwa na kukaushwa kwa kitambaa safi, viazi hivyo vinaweza kupakwa mafuta kidogo na kuingizwa kikaangoni vipate ukavu unaopendwa. Hapo mashine imefanya kazi yake halali, yaani kuleta ladha na umbile. Kazi ya figo ilikwisha kufanywa na sufuria.

Sodiamu na fosforasi nazo huingia kwa mlango ambao mashine hii imeufungua wazi, maana vyakula vingi vinavyouzwa kwa ajili yake ni vile vilivyogandishwa baada ya kupakwa unga na chumvi, na aghalabu kutiwa viungio vya fosfati, yaani chumvi zenye fosforasi, ili nyama ishike maji au viazi visibadilike rangi. Fosforasi ya asili iliyo katika nafaka na maharagwe hufyonzwa kwa sehemu tu, kwa sababu sehemu yake kubwa imefungwa katika fitati, yaani kemikali za mimea ambazo utumbo wa binadamu hauwezi kuzivunja vizuri. Ile ya viungio vya kiwandani huingia damuni karibu yote. Msomaji wa lebo atafute neno fosfati, au namba E338 hadi E341 na E450 hadi E452. Atazame pia bekingi pauda, ambayo wengi humpakia kuku ili ngozi yake ikauke vizuri, bila kukumbuka kwamba ina sodiamu na, katika aina nyingi, fosfati. Hatari zaidi ni chumvi mbadala: nyingi zimetengenezwa kwa kloridi ya potasiamu, kwa hiyo anayekimbia sodiamu kwa kuitumia huenda anamwongezea mgonjwa potasiamu, ambayo ikizidi damuni moyo wake hauwezi kuistahimili. Ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili manga havina mtego huo vikitumiwa kwa kiasi cha kukolezea.

Limebaki swali ambalo ni nadra kuulizwa: rafiki kwa figo za nani? Mtu wa kilo 60 ambaye figo zake zimedhoofika lakini hajaanza kusafishwa damu kwa mashine hushauriwa protini ya takribani gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito, yaani gramu 48 kwa siku. Akishaanza kusafishwa damu, kiasi hicho hupanda hadi gramu 1.0 au 1.2 kwa kilo, yaani gramu 60 hadi 72. Kipande kilekile cha kuku kinaweza kumzidia leo na kumpungukia baadaye. Mwenye mawe ya figo hushauriwa anywe vinywaji vya kutosha kutoa angalau lita 2.5 za mkojo kwa siku, wakati anayesafishwa damu na kupata mkojo kidogo hupimiwa maji kwa kikombe. Wapo pia wenye ugonjwa wa hatua za mwanzo ambao potasiamu yao ni ya kawaida, na ambao kunyimwa matunda na mboga kunawapotezea lishe bila sababu. Yote haya huamuliwa kwa vipimo vya damu na mkojo, na mtaalamu wa lishe huyasoma pamoja na dawa anazotumia mgonjwa.

Kwa hiyo anayeandika mapishi ya kikaango cha hewa angetenda haki kwa kuyaita mapishi yenye mafuta kidogo, kwa kuwa hilo analijua na ni la kweli. Akitaka kuyaita rafiki kwa figo, ataje kiasi cha sodiamu, potasiamu, fosforasi na protini kwa kila sahani, aeleze kama viazi au mboga zilichemshwa kwanza, na aseme anamkusudia mgonjwa wa hatua gani.